Mhasibu Anayetaka Ubunge Kenya: Aanzie Wapi, na Wapi Hukwama

Anza na tarehe, kisha rudi nyuma. Katiba imeweka uchaguzi mkuu Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, kwa hiyo ujao ni 10 Agosti 2027. Aliyezoea kupanga marejesho ya mkopo anajua la kufanya: iandike tarehe hiyo chini kabisa ya karatasi, panda nayo mwezi kwa mwezi mpaka leo, na kila mwezi uupe kazi yake. Wengi wanaotoka benki, kampuni za ukaguzi wa hesabu au soko la hisa huanza na mabango. Mabango ni ya mwisho.

Kazi unayoiacha

Ukiwa Benki Kuu, KRA (mamlaka ya kodi), Hazina ya Taifa, serikali ya kaunti au shirika lolote la umma, Sheria ya Uchaguzi inakutaka uwe umejiuzulu angalau miezi 6 kabla ya kura. Kwa 2027 hiyo ni mapema Februari. Usisubiri siku ya mwisho. Peleka barua wiki kadhaa kabla, hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa, na uiweke pamoja na kitambulisho. Mpinzani akikuwekea pingamizi, muhuri huo ndio utakaokutetea. Wa benki ya binafsi habanwi na kifungu hicho ila na mkataba wake, basi asome vipengele vya siasa na siri za wateja kabla hajamwambia mtu yeyote. Kuondoka na orodha ya simu za wateja ili uwaombe kura ni kosa la kijinga, na hutokea.

Safisha pia vitabu vyako. Ibara ya 99 inamzuia aliyetangazwa muflisi na bado hajaondolewa kwenye hali hiyo. Watu wa fedha hujiona wako mbali na ufilisi, kumbe ndio wanaoombwa kila mara kuwa wadhamini wa mikopo ya marafiki. Orodhesha kila dhamana uliyowahi kutia sahihi, na zile unazoweza kujitoa, jitoe. Lipa deni la HELB, mkopo wa elimu ya juu, kama lipo. Wakati wa kuwasilisha makaratasi, IEBC, tume ya uchaguzi, itadai fomu ya kujitangaza iliyo kwenye Sheria ya Uongozi na Uadilifu, nayo huapiwa mbele ya kamishna wa viapo. Usiijaze usiku wa kuamkia siku yako.

Eneobunge lipi?

Nairobi huwavutia wasomi kwa sababu ndiko wanakofanya kazi. Mwai Kibaki, mwanauchumi aliyeacha kufundisha Makerere, aliingia Bunge 1963 kupitia Nairobi. Mwaka 1969 Jael Mbogo nusura amng'oe. Kufika 1974 alikuwa amehamia Othaya, nyumbani kwao Nyeri, na kiti hicho alikishikilia hadi 2013. Huyo alikuwa tayari Waziri wa Fedha, na bado aliona mji haumfai.

Kipimo chepesi: ingia kila wadi ya eneobunge bila msafara na uhesabu watu wanaokujua kwa jina la mzazi wako. Wadi isiyo na hata 10 inahitaji miezi, si wikendi. Kaa na chama (vikundi vya akiba) za kina mama, SACCO za bodaboda na bodi za shule. Uwasaidie kusoma hesabu zao za mwaka. Hapo taaluma yako ina thamani ambayo mgombea mwenye helikopta hana. Ila usikubali kuwa mweka hazina wao. Shilingi ikipotea, wewe ndiwe utakayeulizwa jukwaani.

Tiketi ya chama au mgombea huru

Ukishindwa kwenye mchujo wa chama, mlango wa mgombea huru huenda ulikwisha kufungwa. Katiba inataka mgombea huru awe nje ya chama chochote kwa angalau miezi 3 kabla ya siku ya kura, yaani kufikia 10 Mei. Tena anahitaji kuungwa mkono na wapiga kura 1,000 waliosajiliwa eneobunge hilohilo. Kusanya 1,500 au zaidi, maana wengi wataanguka: aliyesajiliwa kwingine, nambari ya kitambulisho iliyokosewa, au mtu aliyeandikishwa kwenye chama bila habari. Kila anayekutilia sahihi na athibitishe kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwamba hayumo kwenye chama chochote kwanza.

Ada ya IEBC kwa ubunge ni shilingi 20,000, na 10,000 kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Ada ya chama ni mambo mengine, na ni kubwa kuliko hiyo.

Pesa: tatizo ni ukwasi, yaani pesa iliyo mkononi kwa wakati

Sheria ya kugharamia kampeni ipo tangu 2013, lakini kanuni zake zilikwama bungeni, kwa hiyo hakuna dari la matumizi linalombana mtu kikweli. Matokeo yake mgombea mgeni humaliza pesa Juni. Gawa mfuko sehemu mbili katika akaunti mbili tofauti: ya kampeni, na ya siku ya kura. Ya pili usiiguse hata mkutano wa mwisho ukose vipaza sauti.

Hesabu yake ni hii. Kituo cha kupigia kura hakizidi wapiga kura 700. Eneobunge la watu 100,000 lina angalau vituo 143, na kwa kuwa kila shule hugawanywa kivyake, weka 160. Mgombea ana haki ya wakala mmoja kila kituo. Tuseme unawalipa 2,000 kila mmoja: 320,000. Siku ya mafunzo, nauli na chakula 500: 80,000. Mawakala wa akiba 16: 32,000. Jumla 432,000, na bado hujalipia mafuta ya magari. Walipe kwa simu, nusu asubuhi na nusu wakishawasilisha fomu. Anayelipwa yote asubuhi huondoka saa kumi alasiri, na kura huhesabiwa usiku.

Na usiweke nyumba rehani. Hoteli, wenye matangi ya maji na wenye mahema hawangoji marejesho ya mwaka.

Fomu 35A

Hapa ndipo mhasibu anapomshinda kila mtu, na ajabu ni kwamba wengi hukabidhi kazi hii kwa binamu. Matokeo ya ubunge huandikwa kituoni kwenye Fomu 35A, kisha hujumlishwa kwenye Fomu 35B katika ukumbi wa eneobunge. Wakala apewe nakala ya 35A, aipige picha kabla haijakunjwa na kuituma. Akiwa na lalamiko aliandike palepale. Kususa kutia sahihi, peke yake, hakubatilishi matokeo.

Ukumbini keti na watu wawili wenye kompyuta mbili wanaoingiza takwimu bila kuangaliana. Kila mstari upite majaribio matatu: kura zilizopigwa zisizidi waliosajiliwa, kura halali na zilizoharibika zitoe jumla ya zilizopigwa, kura za wagombea wote zitoe jumla ya halali.

Chukua mfano. Kituo kina waliosajiliwa 640, waliopiga 472, zilizoharibika 6, halali 466. Wagombea wana 181, 203 na 82: jumla 466, sawa. Kwenye 35B wa kwanza anasomwa 118, na jumla inashuka hadi 403. Tofauti ni 63. Gawanya kwa 9: unapata 7 kamili. Mkaguzi yeyote ameshashtuka. Tofauti inayogawanyika kwa 9 mara nyingi ni tarakimu zilizobadilishana nafasi. Mwite afisa msimamizi umwonyeshe mstari wenyewe, kwa sauti ya kawaida, kabla hajatangaza. Akishatangaza, kilichobaki ni mahakama: siku 28 za kuwasilisha kesi, dhamana ya gharama ya shilingi 500,000 ndani ya siku 10, na uamuzi ndani ya miezi 6.

Ukishaingia

Omba Kamati ya Bajeti, ya Fedha au ya Hesabu za Umma, lakini ujue kiti si chako, ni cha chama. Ndindi Nyoro, mbunge wa Kiharu aliyejulikana kwa biashara ya hisa, aliongoza Kamati ya Bajeti tangu 2022 na akaondolewa Machi 2025. Kalenda ya kuishi nayo ni ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma: Taarifa ya Sera ya Bajeti kufikia 15 Februari, makadirio kufikia 30 Aprili. Anayesubiri hotuba ya Juni hukuta maamuzi yamekwisha.

Zungumza kwa bei, si kwa asilimia ya pato la taifa. Mswada wa Fedha wa 2024 ulikuwa umeondolewa VAT ya mkate na kodi ya magari ya asilimia 2.5 kabla ya kura ya mwisho, lakini watu hawakutulia. Wabunge 195 waliuunga mkono tarehe 25 Juni, 106 wakaupinga, vijana waliokuwa wakiandamana wakavamia jengo la Bunge siku hiyohiyo, na kesho yake Rais akakataa kuutia sahihi. Kura za kuupitisha zilitosha; watu ndio hawakushawishika.

Kama macho yako yako kwenye Hazina, kumbuka njia ya Kibaki imefungwa: chini ya Katiba ya 2010 mbunge hawezi kuwa waziri. John Mbadi aliacha kiti chake cha ubunge maalum alipoteuliwa kuwa Waziri wa Hazina Agosti 2024. Na anayemtaja Emmanuel Macron, aliyetoka benki ya Rothschild na kuwa rais wa Ufaransa akiwa na miaka 39 bila kuwahi kuchaguliwa popote, akumbushwe kwamba Macron alikuwa amepitia uwaziri, na kwamba Kenya inadai nusu ya kura zote na zaidi, pamoja na robo katika kaunti 24. Kwa fomu tu, mgombea urais hukusanya sahihi za wapiga kura 2,000 kutoka kila moja ya kaunti 24 au zaidi: 48,000, kabla ya hotuba ya kwanza.