Jinsi ya kumchagulia mtu kitabu cha maisha ya kweli kinachochekesha

Kwanza usimuulize anapenda vitabu gani, wengi watakwambia "mi sisomi". Muulize stori gani ya mwisho ilimchekesha mpaka machozi, ilikuwa ya nyumbani, shuleni au kazini, hapo ndo utajua umpe nini.

Kama anacheka stori za mama wakali mpe Born a Crime, ilitoka 2016, ya Trevor Noah, mchekeshaji wa Afrika Kusini anayesimulia utoto wake na mama yake. Ila usianze kumweleza habari za ubaguzi Afrika Kusini, atachoka kabla hajafungua! Msimulie tu kipande kimoja: Jumapili gari lao bovu limekataa kuwaka, mama kang'ang'ania lazima waende kanisani, na makanisa yenyewe ni matatu kwa siku moja, wanarudi usiku kwenye hais na mama anamsukuma mtoto nje gari likiwa linatembea. Kwa nini alimsukuma? Nyamaza hapo hapo, akasome mwenyewe. Asiyependa kusoma kwa macho kuna ya kusikiliza, Trevor kaisoma mwenyewe kwa sauti yake na lafudhi zote, kwa kweli ni tamu mno.

Anayetaka Kiswahili mpe Maisha Yangu ya Shaaban Robert, sio cha kuvunja mbavu lakini lugha yake laini sana, mi nakipenda mno.

Halafu mwazime nakala yako, na baada ya wiki muulize kafika wapi, usimuulize kama kamaliza.