Kutafuta chanzo cha mvumo katika pawa saplai ya amplifaya uliyoiunda mwenyewe

Amplifaya inapovuma, mafundi wengi hukimbilia kuongeza kapasita, ilhali mvumo wenyewe hueleza mengi ukisikilizwa. Umeme wetu wa ukutani una Hz 50, na ukishapita kwenye daraja la dayodi nne mawimbi yanayobaki huwa ya Hz 100. Mvumo mzito wa Hz 50 hutokana na transfoma iliyo karibu mno na waya za sauti, na mzunguko wa ethi (vifaa viwili kuunganishwa kwa ethi kupitia njia zaidi ya moja), au na dayodi iliyokatika. Ule wa Hz 100, ulio mkali zaidi sikioni, huelekeza kwenye kapasita au regyuleta, yaani kidhibiti cha volti.

Kabla ya kugusa chochote, chomoa plagi na umalize chaji ya kila kapasita kwa rezista ya omu 1000. Unapowasha, pitisha waya wa moto kwenye globu ya nyuzi ya wati 60: ikiendelea kuwaka kwa nguvu, kuna shoti. Globu ya LED haifai kwa kazi hii.

Pima ukianzia kwenye transfoma, huku mzigo (saketi inayotumia umeme huo) ukiwa umeunganishwa, kwa sababu dayodi mbovu inaweza kuonyesha volti kamili pasipo mzigo. Transfoma ya 18-0-18 (volti 18 kila upande wa waya wa kati, yaani sifuri) hutoa takriban volti 24 za DC kila upande. Mzigo ukivuta nusu ampea kwenye kapasita ya mikrofaradi 4700, volti hupanda na kushuka kwa takriban volti 1. Zikiyumba mara mbili ya hapo, kapasita imekauka au nusu ya daraja haifanyi kazi.

Regyuleta ndiyo inayowatesa wengi. 7815, regyuleta ya volti 15 chanya, huhitaji kiasi cha volti 2 zaidi ya zile inazotoa, hivyo volti za kuingia zikishuka chini ya 17, hata kwa kitambo kidogo, mvumo hupenya. Mwenzake 7915, wa volti 15 hasi, ana miguu iliyopangwa tofauti: ukimtazama usoni, mguu wa kushoto ni wa sifuri, wa kati ni wa kuingizia, na bati la mgongoni limeungana na huo wa kati. Ukiwafunga wote wawili kwenye bati moja la kupoozea bila karatasi ya maika, umetengeneza shoti kwa mkono wako.

Mwisho kagua sifuri. Waya zote za sifuri zikutane mahali pamoja, baada ya kapasita, wala si kwenye njia ya mkondo unaozichaji. Mvumo ukiisha unapochomoa waya wa sauti unaotoka kwenye kifaa kingine, tatizo ni mzunguko wa ethi; rekebisha upande wa waya za sauti, na ethi ya plagi usiikate kamwe.