Jinsi ya Kuingia Katika Kazi ya Kubuni Vifaa vya Makumbusho ya Sayansi

Hatua ya kwanza ni kuchagua tukio, si mada. Umeme ni mada. Mpira mwepesi unaoelea juu ya mkondo wa hewa, na usiodondoka hata feni inapoinamishwa kidogo, ni tukio ambalo mgeni anaweza kulishuhudia na kulichezea mwenyewe. Frank Oppenheimer, mwanafizikia aliyeanzisha makumbusho ya sayansi ya Exploratorium mjini San Francisco mwaka 1969, alilijenga jumba lake juu ya msingi huo.

Pili, unda modeli kwa maboksi, vipande vya plaiwudi na selotepu. Usiipake rangi, kwa sababu kitu kilichopendezeshwa watu huona haya kukikosoa, nawe utaona uchungu kukibomoa.

Hatua ya tatu ndiyo kazi yenyewe. Waite watu wasioijua modeli yako, simama kando, nyamaza, kisha andika mkono wa kila mmoja ulianzia wapi. Modeli yangu ya mpira ilikuwa na kitufe chekundu cha kuwashia feni na mpini wa kuiinamisha. Watoto walibonyeza kitufe, wakasubiri, wakabonyeza tena, wakaenda zao bila kuugusa mpini. Nilikiondoa kitufe, nikaiacha feni ikizunguka muda wote, na mtu wa kwanza kupita akaushika mpini kabla sijafungua daftari.

Nne, andika maelezo yanayoanza na kitendo: “Inamisha feni taratibu. Mpira unadondoka lini?” Sababu ifuate kwa sentensi mbili, nayo ikaguliwe na mwanafizikia, maana hapa ndipo hata wazoefu huteleza: hewa iliyoinama huuambaa mpira na kupinda kuelekea chini, na kwa kupinda huko huusukuma mpira juu.

Uimara nao una hatua yake, ingawa hujifunzwa haraka zaidi kwenye karakana: skrubu zisifikiwe na vidole, sehemu zinazochakaa zibadilishike kwa dakika chache, na chini ya meza ibaki nafasi ya angalau sentimita 70 kwa magoti ya anayetumia kiti cha magurudumu.

Mwisho, omba kazi, hata ya kuwaongoza wageni ukumbini, kwa kuwa huko utawaona kila siku. Kwenye usaili peleka picha tatu za modeli ileile, zikiwa na tarehe na sababu ya kila badiliko. Picha ya kifaa kilichokamilika iweke nyuma yake.