Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Usaili wa Kazi ya Kulea Watoto Wadogo Mjini Kigoma

Anayeitwa kwenye usaili wa kazi ya mlezi wa kituo cha watoto au mwalimu wa darasa la awali kwa kawaida huhangaikia kwanza nguo na vyeti, na swali la kwa nini anaitaka kazi hiyo hulikumbuka akiwa tayari juu ya bodaboda. Matokeo yake hujibu, "Ninapenda watoto." Jibu hilo si baya, ila kila aliyeketi kwenye benchi pale nje atalitoa, na jopo halina namna ya kulipima. Kinachopimika ni tukio. Kwa hiyo, siku chache kabla, chukua karatasi uandike matukio matatu au manne uliyoyaona kwa macho yako, ukitaja umri wa mtoto, alichofanya yeye, ulichofanya wewe na kilichofuata, hata kama mwisho wake haukuwa mzuri. Asiyewahi kuajiriwa asidhani kwamba hana la kuandika, kwa kuwa aliyesaidia madrasa ya watoto kule Ujiji, aliyefundisha shule ya Jumapili, au aliyelea wadogo zake mama akiwa sokoni ana mengi kuliko anavyofikiri.

Jambo la pili ni kujua unakwenda kuomba kazi ya namna gani, maana watu huchanganya. Kituo cha kulelea watoto wadogo mchana husajiliwa kupitia ustawi wa jamii, na kazi yake kubwa ni malezi: kulisha, kulaza, kusafisha na kucheza. Darasa la awali liko chini ya elimu na lina mtaala wake, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ndiyo iliyoifanya elimu hiyo kuwa ya lazima. Kote kuwili unaweza kuulizwa kuhusu Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021 na inayomhusu mtoto tangu mimba hadi miaka minane. Maeneo yake matano ni afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Usiyakariri kama shairi. Mfikirie mtoto mmoja aliyefika saa mbili asubuhi bila kunywa uji, analegea, hataki kucheza, kisha jiulize kila eneo linakutaka ufanye nini kwa mtoto huyo.

Vituo vingi sasa humtaka msailiwa akae na watoto kwa dakika kumi au kumi na tano, na hapa ndipo maandalizi huonekana au hukosekana. Nakumbuka usaili mmoja ambao nilikuwa upande wa wasaili. Alikuja binti mmoja na mfuko wa mise, zile kokwa za chikichi ambazo hapa Kigoma hazikosekani, akatandika mkeka na kuanza kuwahesabisha watoto kwa kupanga kokwa tanotano. Lilikuwa somo zuri, la bei ya bure, na watoto wa miaka mitano walilifurahia. Tatizo ni kwamba pembeni walikuwapo wawili wa miaka miwili, na mmoja alikwisha kutia kokwa mdomoni kabla mwalimu hajafika tatu. Mwenzangu aliinuka akaitoa. Binti yule hakupoteza kazi kwa sababu ya kokwa. Aliipoteza kwa sababu, alipoulizwa angebadili nini, alijibu kwamba watoto wadogo wangepaswa kuondolewa, badala ya kusema kwamba angetumia vitu vikubwa visivyopita kooni, kama magunzi ya mahindi au makopo matupu yasiyo na kingo kali. Basi andaa mchezo mmoja mfupi, wimbo mmoja wa kuzunguka duara na zana moja uliyoitengeneza mwenyewe, na uulize mapema umri wa watoto utakaowakuta.

Andaa pia majibu ya maswali magumu, kwa kuwa maswali mepesi hujijibu yenyewe. Utafanyaje mtoto akilia saa nzima baada ya mama kuondoka? Utafanyaje akimng'ata mwenzake? Hapo wengi hutaja fimbo bila kujua kwamba wameitaja, kwa kusema "nitamkanya kidogo", na msaili mzoefu atauliza hicho kidogo ni kipi. Lipo pia swali la mtu asiyeandikishwa anayekuja kumchukua mtoto. Mjini kwetu watoto wengi hufuatwa na bodaboda wa mtaani, kwa hiyo kusema kwamba utakataa hakutoshi. Eleza utampigia nani, mtoto atakaa wapi wakati huo, na utaandika wapi. Kuhusu mtoto mwenye alama za kipigo, ujue kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii mwenye taarifa za mtoto anayekiukiwa haki aziwasilishe kwenye mamlaka ya serikali za mitaa, na kwamba ipo namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto. Jopo litataka kusikia kwamba utamwarifu mkuu wa kituo, utaandika ulichokiona bila kuongeza chumvi, na hutamhoji mtoto mbele ya wenzake.

Suala la lugha nalo lifikirie. Mtoto wa Ujiji huja na Kiswahili kutoka nyumbani, lakini yule ambaye wazazi wake wamehamia juzi kutoka Kasulu au Buhigwe anaweza kuwa na Kiha peke yake, na wiki za mwanzo hunyamaza hadi walezi wakadhani ana tatizo la kusikia. Ukijua Kiha, sema. Ni sifa ya kazi, wala usiione haya.

Nyaraka hazihitaji maneno mengi: vyeti halisi na nakala, kitambulisho cha taifa au namba yake, barua ya serikali ya mtaa, na cheti cha tabia njema cha polisi ikiwa kimetajwa kwenye tangazo. Kagua majina yako yalingane kwenye kila karatasi, na yasipolingana nenda mapema kwa wakili uape kwamba majina hayo yote ni yako. Wadhamini wapigie simu uwaambie kwamba wanaweza kuulizwa.

Anayetoka Kagunga au vijiji vingine vya mwambao asafiri siku moja kabla, kwa sababu boti za kushuka Kibirizi hutii ziwa na hazijali saa ya usaili. Vaa nguo ya heshima ambayo utaweza kuketi nayo mkekani na kuinuka bila kushika ukuta. Kata kucha, na acha nyumbani hereni ndefu, kwa kuwa mtoto wa mwaka mmoja atazivuta.

Mwishoni utaulizwa kama una swali, na kusema "sina" ni kupoteza nafasi. Uliza kila mlezi huhudumia watoto wangapi; kwa darasa la awali kipimo cha serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, na wadogo zaidi huhitaji mikono mingi kuliko hapo. Uliza mtoto akipandwa na homa saa tano asubuhi utaratibu ni upi, na kama mkataba utakuwa wa maandishi. Mshahara uulize pia, kwa adabu, baada ya hayo mengine.