Ukitaka kujua zabibu za mvinyo zitakuwaje, uliza usiku ulikuwaje

Mtu akinisifia msimu kwa sababu jua liliwaka kweli kweli, mimi namuuliza habari za usiku.

Fungua daftari mzabibu unapochipua, yaani wastani wa joto la siku ukishavuka nyuzi 10. Kila siku andika joto la juu, la chini, na mvua. Baridi ya nyuzi 2 chini ya sifuri huua chipukizi, ila hapo unapunguziwa zaidi wingi kuliko ubora. Mvua na baridi wakati wa maua huleta vichala vyenye mapengo. Usinung'unike sana: kichala kilichoachana hupitisha hewa, na ukungu hukipata kwa shida.

Kabla punje hazijageuka rangi, uache mzabibu uone kiu kidogo. Punje itabaki ndogo, ganda likiwa jingi kuliko maji, na rangi na ukakasi wa mvinyo mwekundu hutoka gandani. Nimesema kiu, si ukame: majani ya chini yakianza kuwa manjano, mwagilia.

Rangi ikiingia, sasa tazama daftarini safu ya joto la chini. Joto huila asidi ya maliki, ile inayoupa mvinyo uchachu. Usiku wa baridi huitunza. Mchana ukipita nyuzi 35, majani hufunga matundu yake na kazi ya kutengeneza sukari hudorora. Kipimo cha sukari kinaweza kuendelea kupanda, lakini ni punje inayokauka, haiivi. Kiangazi cha 2003 nchini Ufaransa wengi walivuna Agosti, na mvinyo mwingi ukakosa uchachu. Kwa hiyo usipunguze majani upande unaopigwa na jua la alasiri.

Mvua ya mwishoni ndiyo inayonikosesha usingizi. Punje hunywa, sukari huzimuka, ganda hupasuka, ukungu wa kijivu huingia. Manyunyu yakifuatwa na upepo mkavu, subiri. Utabiri ukisema mvua ya siku nyingi na refraktomita, kifaa cha kupimia sukari ya punje, inasoma briksi 22 (yaani karibu asilimia 22 ya sukari), vuna.

Lakini usiamini kipimo peke yake. Chuma punje za juani na za kivulini, zitafune polepole. Kokwa ikiwa ya kijani na ganda likikausha ulimi, bado. Kokwa ikiwa ya kahawia na ikivunjika kwa mlio, ita wavunaji waje alfajiri, zabibu zikiwa bado baridi.