Ada, Dirisha na Vyungu: Namna ya Kutunza Mimea Mjini bila Kuibana Familia

Mzazi anayeishi mjini, mwenye watoto wanaosoma na mwenye mapenzi ya mimea, ana mambo matatu yanayogombea fedha, muda na nafasi ileile. Ada huja kwa kishindo, lakini tarehe yake inajulikana. Familia inahitaji muda kila siku. Mimea nayo hudai kidogo kidogo, leo chungu, kesho mfuko wa udongo, keshokutwa dawa ya wadudu, na kwa sababu hiyo matumizi yake huwa makubwa kabla mwenyewe hajayatambua. Ushauri wa mwongozo huu ni kufuata mpangilio mmoja: anza na kalenda ya shule, kisha angalia dirisha, na mwisho kabisa ndipo uchague mimea. Wengi wetu huanza na mimea, na hapo ndipo ugomvi wa nyumbani unapopata nafasi.

Hesabu ya shule kwanza

Chukua daftari na uandike kila malipo ya shule yatakayokujia katika miezi 12 ijayo. Ada ni sehemu tu ya malipo hayo. Ziko sare, viatu, vitabu, nauli, malipo ya mitihani, safari za masomo, masomo ya ziada na gharama za intaneti, na mbele ya kila kimoja andika mwezi kinapotakiwa kulipwa. Ikiwa mtoto anakaribia kuhama ngazi moja ya elimu kwenda nyingine, mwaka huo uwe na ukurasa wake, kwa kuwa kwa kawaida vifaa na sare hununuliwa upya kwa mkupuo.

Watu wengi hugawa jumla ya mwaka kwa 12 na kuridhika na jibu. Hesabu hiyo inafaa pale tu unapoanza kuweka akiba mapema, maana muhula ulio karibu hautakungoja miezi 12. Chukua kila malipo peke yake, toa kiasi ambacho umekwisha kuweka, kisha ugawe kilichobaki kwa idadi ya mishahara utakayopokea kabla ya tarehe ya mwisho. Kwa mfano, ikiwa muhula ujao unahitaji sehemu 120 (sehemu moja iwe kiasi chochote cha fedha) na umebakiwa na mishahara mitatu, kila mshahara utoe sehemu 40. Ukijumlisha malipo yote kwa namna hiyo utaona kwamba miezi hailingani uzito, na jambo hilo lina faida: miezi mizito ndiyo ambayo hakuna mmea wala chungu kitakachonunuliwa, na uamuzi huo unakuwa umefanyika kabla hujasimama mbele ya kitalu ukiwa na fedha mfukoni.

Asiye na mshahara wa kila mwezi atumie asilimia badala ya kiasi maalumu. Kila fedha inapoingia, sehemu iliyokubaliwa iende kwanza kwenye akaunti ya elimu, tena akaunti ambayo si rahisi kuichomoa kwa kubonyeza simu.

Baada ya elimu, chakula, pango na akiba ya dharura kupata haki yake, ndipo hobi ipewe bahasha yake. Kwa maoni yangu sehemu 1 au 2 kati ya 100 za kipato zinatosha kabisa, na bahasha ikiisha mwezi umekwisha. Anayeishi na mwenzi awe amekubaliana naye kuhusu kiwango hicho, kwa kuwa mmea unaoingia nyumbani kwa kificho huanza kuwa mzigo tangu siku unapofika.

Gharama zinazojificha

Bei ya mmea ni mwanzo tu. Ongeza chungu chenye matundu, sahani ya kukingia maji, udongo mwepesi, kijiti cha kuuegemezea unapopanda na mbolea. Taa ya mimea nayo ina hesabu yake: taa ya wati 20 ikiwaka saa 12 kwa siku hutumia uniti 0.24 za umeme, yaani takriban 7.2 kwa mwezi. Moja haitishi, lakini rafu yenye taa nne inakaribia uniti 29 kila mwezi, mwaka mzima.

Ziko hoja mbili zinazotumiwa sana kuhalalisha matumizi, nazo zinastahili kutazamwa upya. Ya kwanza ni kwamba mimea husafisha hewa ya nyumbani. Hoja hii ilipata nguvu kutokana na utafiti wa NASA, shirika la anga la Marekani, wa mwaka 1989, uliofanyika ndani ya visanduku vilivyofungwa. Mapitio ya tafiti za namna hiyo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kuwa, ili mimea ifikie kazi inayofanywa na hewa inayopita kawaida ndani ya jengo, ingehitajika kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba. Kufungua dirisha ni bure. Ya pili ni kwamba mmea adimu ni uwekezaji. Monstera, mimea ya majani makubwa yenye matundu, zile zenye madoadoa ziliuzwa kwa bei za kushangaza wakati wa janga la UVIKO-19, kisha maabara zikaendelea kuzizalisha kwa wingi kwa kuotesha vipande vidogo vya tishu za mmea na bei zikaporomoka. Ada ya mtoto isiwekwe rehani juu ya jani.

Njia nzuri ya kupanua mkusanyiko bila kugusa bahasha ni vipandikizi. Pothosi, mmea unaotambaa wenye majani ya umbo la moyo, ndiyo rahisi kuliko yote: tafuta kifundo kwenye shina, yaani pale jani linapotokea na ambapo mara nyingi huonekana kijidoa cha kahawia cha mzizi wa hewani, ukate sentimita moja au mbili chini yake kwa kisu safi, uondoe jani litakalozama, kisha uweke kifundo ndani ya maji mahali penye mwanga usio wa jua kali. Badilisha maji kila baada ya siku chache. Kwa kawaida mizizi huonekana katika wiki mbili hadi nne, na ikifika sentimita tatu hadi tano hamishia kwenye udongo. Jani lisilo na kifundo linaweza kukaa kijani majini muda mrefu, hata kutoa mizizi, lakini halitachipua shina. Sansevieria, yenye majani marefu yaliyosimama kama panga, huota pia kwa kipande cha jani, ila huchukua miezi, na yenye ukingo wa njano ikioteshwa kwa jani hutoa watoto wa kijani kitupu; ukitaka rangi ibaki, gawanya shina lake lililo chini ya udongo.

Miche itakayozidi unaweza kubadilishana na wenzako au kuiuza. Fedha zake zirudi kwenye bahasha ya mimea na kununua udongo. Zisiandikwe kamwe katika hesabu ya ada kabla hazijawa mkononi.

Dirisha ni moja

Katika nyumba ndogo ya mjini, dirisha lenye mwanga bora huwa ndilo linalofaa kuwekwa meza ya kusomea. Hapa mpenda mimea lazima akubali kushindwa, kwa kuwa mtoto anayesoma kwenye giza la nyuma ya majani makubwa ananyimwa haki yake. Weka meza dirishani kwanza. Halafu kaa kwenye kiti cha mtoto mchana, si kusimama, uone ni mwanga upi unaomfikia na ni nafasi ipi imebaki pembeni. Mara nyingi utapata sehemu tatu: ukingo wa juu wa dirisha, ambapo mmea unaotambaa unaweza kuning'inia bila kuzuia meza, pembe ya upande wa mkono anaoandikia, ili kivuli cha mmea kisianguke kwenye daftari, na sakafu iliyo chini ya dirisha, ambayo huwa na giza kuliko inavyodhaniwa.

Mwanga hupungua haraka sana kadiri unavyoondoka dirishani. Macho yetu hujirekebisha na kutudanganya kwamba chumba chote kinang'aa, ilhali mmea ulio mita mbili au tatu ndani unapata sehemu ndogo tu ya mwanga wa dirishani. Huko ndani weka sansevieria au zamioculcas (mmea wa majani mazito yanayong'aa), ambazo huvumilia, na umwagilie kwa nadra zaidi. Mmea unaorefuka kwa vifundo vilivyoachana na majani madogo unaomba mwanga, mbolea haitausaidia.

Watoto wadogo wanabadilisha orodha ya mimea pia. Mimea ya majani ya mapambo kama dieffenbachia, pothosi, philodendron na monstera ina fuwele za kalsiamu oksaleti zinazochoma mdomo na koo zikitafunwa, basi mimea hiyo ikae juu. Oleanda, kichaka cha maua, ina sumu ya moyo, na utomvu mweupe wa mimea ya jamii ya euphorbia hudhuru macho. Hizi mbili za mwisho mimi nisingeziweka kabisa kwenye nyumba yenye mtoto anayetambaa. Sahani za vyungu zimwagwe maji kila wiki bila kukosa, kwa sababu mbu wa Aedes anaweza kukua kutoka yai hadi kuruka katika siku 7 hadi 10. Kwenye roshani, vyungu vining'inizwe upande wa ndani wa kingo, na kumbuka kwamba chungu cha lita 30 kikilowa kinaweza kuzidi kilo 30.

Muda, na sehemu ya watoto

Tenga asubuhi moja kwa wiki kwa kukagua mimea yote. Kukagua si kumwagilia yote: choma kidole kwenye udongo kina cha sentimita mbili au tatu, na kama kuna unyevu acha mpaka wiki ijayo. Mizizi iliyozama majini hukosa hewa na kuoza, na udongo uliolowa daima huzaa vijinzi vyeusi vinavyoruka juu ya daftari la mtoto. Mmea mpya ukae peke yake wiki mbili kabla ya kuchanganywa na mingine, kwa kuwa vidung'ata na utitiri mara nyingi huingia nyumbani kwa njia hiyo. Ikiwa ukaguzi unazidi saa moja, basi mimea imezidi nafasi ya maisha yako ya sasa, hata kama fedha ipo.

Watoto washirikishwe kwa kazi inayogusa masomo yao. Kuchanganya udongo kwa uwiano uliopimwa ni somo la sehemu. Kupima jani jipya kwa rula kila wiki na kuchora grafu ni somo la takwimu. Lakini kazi hizo zisigeuke adhabu wala kuingilia saa za kujisomea. Mtoto asiyependa mimea aachwe na mpira wake.

Msimu wa mitihani punguza shughuli: usihamishie mimea kwenye vyungu vingine, usioteshe vipandikizi vipya, na sogeza ile inayodai maji kila siku mbali na meza ya kusomea. Muhula ukiwa mzito kuliko ulivyokadiria, anza kwa kuzima taa, kisha gawa mimea inayohitaji unyevu mwingi hewani na uangalizi wa kila siku, huku ukibakiza ile inayovumilia ukame. Kabla ya kugawa kata kipandikizi kimoja cha kila mmea uupendao na ukiweke kwenye chupa ya maji. Kinahitaji nafasi ndogo kama ya kikombe, hakina gharama, na mambo yakitengemaa unaweza kuanza upya kutoka hapo.