Sikukuu ya baridi ikikukuta kwenye joto

Ukihamia upande wa pili wa dunia, tuseme kutoka Uingereza kwenda Australia, Krismasi itakukuta katikati ya kiangazi. Usiyaache mapishi ya kwenu. Badilisha saa tu. Nyama kubwa ya kuoka iingize kwenye oveni alfajiri, kabla jua halijawa kali, kisha iache ipoe kidogo, iweke kwenye friji na uikate vipande vyembamba vya kuliwa baridi. Ladha ni ile ile, na mpishi hateseki jikoni.

Unga uliokandwa kwa hamira uutazame kwa jicho, si kwa saa. Kwenye joto huumuka haraka mno, na ukichelewa unachacha. Kandia maji ya baridi, hamira punguza.

Chakula kisikae mezani zaidi ya saa 2. Joto likipita nyuzi 32, saa 1 tu. Hili nalisisitiza sana, hasa kukiwa na watoto na wazee.

Na pudini ya moto na supu nzito? Ziwekee Julai. Baadhi ya Waaustralia hufanya Krismasi nyingine mwezi huo, baridi ikiwa imeingia. Malenge, ambayo huko huvunwa kuanzia Machi, yachemshe, yaponde, uyagandishe kwa ajili ya Desemba.